Nilivyotengeneza kigari cha haidroliki, bila klachi wala gia, kule machimboni Tarime

Wakuu, habari za mihangaiko.

Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza humu kama inawezekana kutengeneza gari dogo la kienyeji linalotembea kwa nguvu ya oili badala ya giaboksi. Wengi mlimcheka. Mmoja akamwambia akanywe maji alale.

Mimi sikucheka, kwa sababu hicho kitu nimekitengeneza. Nitawasimulia kama kilivyotokea, na pale nilipochemka nitasema nimechemka. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kilima chenyewe sitakitaja.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, fundi mitambo. Nilikuwa karakana ya kampuni moja ya barabara, kazi yangu kubwa kuhudumia roller, yale madude ya kushindilia lami. Mradi ukaisha, tukaagwa. Kipindi hicho kila kijiwe story ni moja tu, dhahabu Mara. Rashi, yaani mkurupuko wa wachimbaji, imelipuka kwenye kilima kimoja kati ya Tarime na Serengeti, watu wanamiminika kutoka Geita, Singida, Shinyanga, kila kona. Nikabeba begi na boksi langu la spana.

Spana zenyewe sikuzigusa wiki sita. Nilikuwa mchimbaji sasa, bosi mtarajiwa.

Tulikuwa watano kwenye duara letu, yaani shimo la kuchimbia. Tukapiga mwamba wiki sita, na tulichokipata ni maji. Maji safi kabisa, baridi. Kina mama wakaanza kuja na ndoo kuchota. Kikundi chetu kikaitwa Idara ya Maji mpaka kilipovunjika.

Basi nikafungua boksi la spana.

Kazi ya kwanza niliipata kwa Mama Ghati. Huyu alikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, chini kabisa bondeni kwenye kijito. Mama wa Kikurya, sauti yake ukiwa ng'ambo ya bonde unaisikia, na anacheka kwa sauti hiyo hiyo. Karasha lilikuwa limekufa bearing. Nikalifufua, akanipa ugali na samaki, akaniambia, "Fundi, usirudi kule shimoni. Mungu hakukuumba wa shimoni."

Nikabaki pale.

Sasa wakuu, mpate picha ya eneo. Maduara yako juu kileleni. Karasha na maji viko chini. Katikati kuna njia ya kama mita mia nne, na mteremko wake si wa mchezo: ukienda hatua kumi mbele, umeshuka tatu. Mawe yote yalikuwa yanateremshwa kwa kichwa na kwa punda. Mvua ikinyesha kidogo tu, njia inakuwa sabuni, hakuna anayeshuka. Mawe yanarundikana juu, karasha linalala chini.

Utauliza, guta halipo? Lilikuwepo.

Mume wa Mama Ghati, Marwa, ndiye aliyekuwa dereva wake. Kabla ya hapo aliendesha malori Sirari miaka mingi. Siku moja anashuka na guta lake la matairi matatu, limejaa mawe, breki zikachoka katikati ya mteremko. Mbele yake kuna kina mama wanne wana mawe kichwani. Marwa akaligonga guta kwenye ukingo wa njia makusudi ili lisiwafikie. Kina mama walipona wote. Yeye mguu wa kushoto ukabanwa na chuma. Tangu hapo goti halikunjiki.

Baada ya ajali kamati ya machimbo ikakaa, ikapiga marufuku: chombo chochote chenye injini hakipiti mteremko ule. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Nyamhanga, alikuwa hana maneno mengi. Akisema hapana, imeisha hiyo.

Marwa akawa anashinda pale karashani kwenye kigoda, mguu kaunyoosha mbele, anapanga viroba. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini lori likinguruma kwa mbali barabara kubwa, unamwona anageuza shingo. Anasikiliza. Kisha anasema, "Huyo amechelewa kubadilisha," anaendelea na viroba vyake.

Siku moja mchana nafunga mkanda wa karasha, akaniuliza.

"Fundi, unajua kwa nini lile guta liliniacha?"

"Breki, si ndiyo?"

"Hapana, mura," akasema, yaani kijana kwa Kikurya. "Breki zilikufa kwanza, ni kweli. Lakini kilichoniacha ni gia. Nilibana klachi niingize namba moja, haikuingia. Pale katikati, nimeshatoka namba mbili na moja sijaipata, hakuna kitu kilichokuwa kinanishika. Nilikuwa nimekaa tu juu ya mawe yanayoshuka."

Halafu akaongeza, kama anaongea peke yake, "Kama kungekuwa na gari lisilo na hapo katikati."

Wakuu, niliacha spana.

Kwa sababu gari hilo nilikuwa nalifahamu. Nimelihudumia miaka mitano! Roller haina klachi. Haina namba moja wala namba mbili. Ina mkono mmoja tu: ukiusukuma mbele inaenda mbele, ukiuvuta nyuma inarudi, ukiurudisha katikati inasimama, hata kama iko mlimani. Na mguu wa kushoto hauna kazi yoyote.

Nikamwambia. Akaweka kiroba chini.

"Mkono mmoja?"

"Mkono mmoja."

"Na mguu huu nakaa nao hivi hivi, umenyooka?"

"Hivyo hivyo."

Mama Ghati alikuwa anasikiliza kumbe. Akaniletea daftari na kalamu, akasema, "Chora."

Nikachora. Kwa ambao si wa fani, nitajaribu kueleza kwa lugha nyepesi, wataalamu mnivumilie.

Unakuwa na injini ya dizeli. Injini inazungusha pampu ya oili. Pampu inasukuma oili kwa presha kubwa kupitia mipira mizito hadi kwenye mota zilizoko kwenye magurudumu. Oili ikiingia kwenye mota, gurudumu linazunguka, kisha oili hiyo hiyo inarudi kwenye pampu. Ni mduara uliofungwa. Ndani ya pampu kuna sahani inayoinama. Ikiinama mbele, oili inakwenda upande huu, gari linasonga mbele. Ikiinama nyuma, oili inakwenda upande wa pili, gari linarudi. Ikisimama wima, oili haiendi popote. Magurudumu yanashikwa na oili iliyobanwa.

Na ukishuka mlima, mzigo ukitaka kukukimbiza, magurudumu yanageuza mota, mota zinasukuma oili kurudi kwenye pampu, pampu inakutana na injini, injini inakataa. Hakuna sekunde ambayo uko hewani. Ile "hapo katikati" ya Marwa haipo.

Mkuu mmoja hapo chini najua atauliza kwa nini sikufunga tu gia ndogo na breki kubwa. Ndiyo sababu, mkuu. Sikuwa natafuta nguvu. Nilikuwa natafuta kitu kisichoachia.

Hesabu nilizifanya siku mbili. Nilipima mteremko kwa kamba na pima maji ya fundi mwashi. Uzito wa kigari nilikadiria kilo mia sita, mawe kilo mia tano. Nilitaka mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kilomita saba au nane kwa saa, basi. Hiyo ina maana unataka pampu ndogo na mota kubwa: pampu inatoa oili ya nusu kikombe cha kahawa kila ikizunguka, mota zinakula karibu mara thelathini ya hiyo ndiyo magurudumu yazunguke mara moja. Taratibu lakini kwa nguvu. Presha ya bar mia moja na hamsini ingetosha kupanda, na inabaki akiba.

Mama Ghati alitazama zile namba, akageuza daftari juu chini, akalirudisha. "Sasa hivi vitu vinauzwa wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Pampu mpya ya namna hiyo hata kuitamka bei yake ni kujitafutia maradhi.

"Nina binamu Isebania," akasema. "Anauza vyuma chakavu. Kama kipo duniani, kwake kipo."

Tukaenda Sirari, tukavuka mpaka kuingia Kenya. Binamu mwenyewe anaitwa Mwita, jamaa mnene mchangamfu, yadi yake imejaa vyuma mpaka mlango hauonekani. Akamkumbatia Mama Ghati, akanigeukia mimi.

"Niaje fundi! Sema chenye unataka."

Nikamweleza. Akanipeleka nyuma kabisa, akafunua turubai. Roller. Ndogo, ya kushindilia njia za miguu, injini imepasuka, lakini pampu iko palepale.

"Hiyo pampu iko sawa kabisa," Mwita akasema.

"Umeijaribu?"

"Nijaribu na nini sasa? Mimi nauza, sijaribu."

Nikaizungusha kwa mkono. Laini. Nikamwaga oili yake kwenye kopo, nyeusi lakini haina unga wa chuma. Mota mbili tukazipata kwenye mtambo wa kufagia barabara uliokufa. Mwita akamfanyia binamu yake bei ya undugu, na akatutaka tumtumie picha siku gari likitembea, maana alikuwa haamini hata kidogo.

Kurudi Sirari ikawa sinema. Wakala wa forodha, kijana mstaarabu kabisa, anajaza fomu.

"Hii ni nini?"

"Pampu."

"Ya maji?"

"Ya oili."

Akainua macho. "Ya kupikia?"

Mama Ghati akaingilia, "Andika ya gari."

"Gari gani, mama?"

"Gari halijazaliwa bado."

Yule kijana akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta macho. Mwisho akaandika vipuri vya mtambo, tukalipa ushuru, tukapita.

Kazi ikaanza. Karakana yangu ilikuwa bati nne pembeni ya karasha. Fremu nilichomelea kwa vyuma vya chaneli. Injini ni ile ya silinda moja ya mashine za kusaga, ya kuwasha kwa mkono. Magurudumu ya nyuma ndiyo yenye mota, na sanduku la mawe nikaliweka juu yake kabisa ili uzito uyakandamize yasiteleze. Tangi la oili nilitengeneza kwa bati nene, filta ya lori, na rejeta ya gari dogo ya kupooza oili.

Marwa akawa hakauki. Anakaa na kigoda chake, ananishikia vyuma, anauliza kila kitu. Siku ya nne akawa ananikosoa. "Kiti umekiweka mbele mno, fundi. Mguu wangu utagonga injini." Nikapima. Kweli. Nikarudisha kiti nyuma, nikamchomelea na sehemu ya kulaza mguu.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, tulikuwa na watazamaji. Machimboni hakuna siri.

Nikawasha. Injini ikapokea. Nikasukuma mkono mbele taratibu.

Pampu ikaanza kulia. Mlio kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Magurudumu yakajikunyata, yakazunguka kidogo, yakasimama. Nikazima haraka.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hata hili karasha jipya ni zuri." Watu hoi.

Hapa ndipo nilipochemka wakuu, na ni kosa la aibu kwa mtu aliyehudumia roller miaka mitano. Mfumo huu unavujisha oili kidogo kidogo ndani kwa ndani, ndivyo ulivyo. Kwa hiyo kunatakiwa kuwe na pampu nyingine ndogo ya kuulisha, kufidia ile inayovuja. Kwenye roller iko mgongoni mwa pampu kubwa. Mimi nilifungua kifuniko baada ya aibu ile, nikakuta mle ndani hamna kitu! Mtu alishaitoa zamani, na mimi sikuangalia. Pampu ilikuwa inavuta upepo.

Nilikaa chini siku nzima nimenuna. Marwa ndiye aliyeniokoa.

"Fundi, usukani wa lori una pampu ya oili. Ile ya kulainisha usukani. Haifai?"

Nikamwangalia. Inafaa! Presha yake ukiibana na valvu ikawa kama bar ishirini, inatosha kabisa. Tukaipata ya lori bovu Sirari, nikaifunga na mkanda kwenye injini.

Jaribio la pili, kimya. Hakuna kokoto. Nikasukuma mkono, kigari kikasonga mbele kama kinatelezea. Nikauvuta, kikarudi. Katikati, kikasimama. Marwa alikuwa amesimama ameshika nguzo ya bati, mdomo wazi.

Siku hiyo hiyo furaha ikaniponza. Kwenye kiungo cha mpira mmoja nikaona ukungu wa oili, nikapeleka mkono kutafuta panapovuja. Oili ya moto ikaniunguza kiganja cha kushoto, kovu ninalo hadi leo. Na nilibahatika, ingeweza kupenya ndani ya ngozi, hapo ni hospitali na kisu. Wakuu, oili ya presha haipapaswi. Tumia kipande cha boksi.

Sasa ije ile siku ya aibu kubwa.

Tulikuwa tunakijaribu kwenye kamteremko kadogo juu ya karasha. Mchana Mama Ghati akaita watu kula. Nikarudisha mkono katikati, nikazima injini, tukaenda. Niko kwenye tonge la tatu, Marwa akasema kwa utulivu kabisa, "Fundi, gari lako linaondoka."

Nikageuka. Kweli linaondoka. Halikimbii, hapana. Linatambaa kwa mwendo wa kinyonga, hakuna mtu juu yake. Ile oili inayovuja ndani kwa ndani, injini ikiwa imezimwa hakuna wa kuifidia, gari linajiachia taratibu.

Nilikimbia nikalishika, linanivuta. Watu wakaja kushika, wengine wanacheka hawana nguvu. Likatuburuza wote taratibu, hatua kwa hatua, mpaka likaingia kwenye uzio wa miti wa nyumba moja, likapiga goti pale.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Mzee Nyamhanga. Mwenyekiti. Yule yule.

Akatazama uzio wake. Akatazama kigari.

"Shikamoo mzee," nikasema, nimekumbatia gurudumu.

"Marahaba. Nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Hakuna mtu," akarudia. "Na ndilo hili mnataka kulipitisha kule?"

Tukarekebisha uzio jioni ile ile, mimi na Mama Ghati. Marwa alirudi kwenye viroba. Kwa mara ya kwanza sikuona raha na kazi yangu, kwa sababu nilimwona amekata tamaa, na ni mimi niliyempa hiyo tamaa.

Kesho yake nikaanza upya na swali moja: kila kitu kikifa, nini kinashika?

Jibu likaja kutoka kwenye ile pampu ya usukani. Nilifunga breki za duara kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, lakini nikazigeuza. Breki za kawaida zinakaa wazi, ukikanyaga zinabana. Hizi zinabanwa muda wote na springi nene. Kinachozifungua ni kisilinda kidogo kinachopata presha ya pampu ya usukani. Injini ikizunguka, breki zinafunguka. Injini ikizima, mkanda ukikatika, mpira ukipasuka, presha inapotea na springi zinabana zenyewe. Dereva hahitaji kufanya chochote. Hata akizimia.

Nilimwita Marwa akae kitini. Nikamwambia azime injini. TAK! Kigari kikaganda. Tukasukuma watu sita, hakuna kitu. Macho yakamng'aa. "Tena," akasema. Tulirudia kama mara ishirini, kila mara anacheka.

Mama Ghati akaenda kwa Mzee Nyamhanga mwenyewe. Sijui walizungumza nini, ila sauti ya mama tuliisikia sisi, ya mzee hatukuisikia. Jibu likaja: kamati itatazama. Mzigo kamili, kutoka kileleni hadi chini. Na katikati ya mteremko, mzee akiinua fimbo, injini izimwe.

Asubuhi ya jaribio nikavaa ovaroli safi. Mpango ulikuwa niendeshe mimi. Tumefika kileleni, mawe yamepakiwa, nataka kupanda, Marwa akaniwekea mkono kifuani.

"Hilo gari lilipimwa kwa mguu wa nani?"

"Wako."

"Basi toka."

Mama Ghati akaja mbele yake. Akamtazama mumewe, akatazama ile njia.

"Baba Ghati."

"Mama Ghati."

"Ukianguka tena, mimi sikubebi. Mgongo wangu umechoka."

"Sitaanguka."

Akaenda akachukua gogo la kuzuilia gurudumu, akaliweka begani, akasimama nyuma, kando ya gurudumu, tayari kulitupa mbele yake. Na hivyo ndivyo walivyoshuka: mume juu, mke nyuma na gogo lake, mimi pembeni nikitembea kama mtu anayesindikiza maiti.

Marwa akasukuma mkono mbele kidogo tu. Kigari kikaingia kwenye mteremko. Mlio wa injini ukabadilika, ukawa mzito, inazuia. Mwendo ule ule. Hauongezeki. Kina mama wenye mawe walikuwa wamesimama juu ya ukingo, na nadhani wawili kati ya wale wanne wa siku ya ajali walikuwepo.

Tulipofika kwenye kona ambapo guta lilimbana mguu, sikumwambia asimame. Yeye mwenyewe alirudisha mkono katikati. Kigari kikasimama. Kilo mia tano za mawe mgongoni, pua imeelekea bondeni, kimesimama. Marwa akaangalia ukingo ule pembeni yake. Sijui alikuwa anawaza nini.

Mzee Nyamhanga akainua fimbo.

Marwa akavuta waya wa kuzimia. Kimya. TAK.

Mzee akaja, akazunguka kigari chote. Akaweka fimbo chini, akashika sanduku kwa mikono miwili, akalisukuma kuelekea chini. Mzee wa miaka yake, anasukuma kweli kweli. Halikwenda hata kidole.

Akaokota fimbo.

"Wewe Marwa, linashika?"

"Linashika, tata," akajibu, kama mtoto kwa baba.

"Shusha mawe yako basi, unaziba njia."

Nilipiga hendeli injini ikawaka, na Marwa akashuka hadi karashani. Alipogusa tu tambarare, Mama Ghati akatupa gogo, akapiga vigelegele vilivyofika nadhani hadi Kenya kwa Mwita.

Marufuku ikaondolewa, kwa kigari hicho tu na dereva huyo tu. Waliobeba kwa kichwa mwanzoni walinung'unika, na walikuwa na haki. Mama Ghati akawapa kazi ya kupakia na kushusha, maana safari ziliongezeka na karasha likawa halilali hata mvua ikinyesha kidogo. Wenye punda waliendelea kusomba maji na kuni. Watu wakakiita kigari Bila Klachi.

Sio kwamba kilikuwa kamili. Saa saba mchana jua kali, oili ilichemka, tukalazimika kuongeza rejeta ya pili. Seal za mota, zile pete za mpira za kuzuia oili, zilivuja kila baada ya miezi michache. Na gurudumu moja likipoteza mshiko kwenye tope, oili yote inakimbilia huko kwenye unafuu, lingine linabaki bila nguvu. Hilo sijalipatia dawa ya bei nafuu, mwenye ujuzi wa kugawanya oili sawasawa kwa mota mbili anisaidie hapa.

Rashi ilipopoa watu wakahama, nikahama na mimi. Marwa na Mama Ghati walirudi shambani kwao Nyanungu na Bila Klachi yao, kinasomba mbolea na mahindi.

Nilichojifunza, wakuu: nilidhani nimeanza na pampu, kumbe nilianza na goti la Marwa. Kila kilichofaa kwenye ule mtambo kilitoka kwake. Mkono mmoja, kiti nyuma, pampu ya usukani, hata swali la nini kinashika. Mnaochora mitambo humu, kabla ya kununua chuma chochote, mkalisheni mtu atakayeendesha, mmsikilize. Na fungueni vifuniko vyote kabla ya kuita watazamaji.

Uwanja ni wenu. Nikosoeni, niulizeni hesabu, mwenye wazo la zile seal aliweke hapa.

Jana nilimpigia Marwa kumuuliza anatumia seal gani siku hizi, niwaandikie. Akapokea, injini inanguruma, nikaanza kumsalimia, akanikatisha: "Fundi, niko mteremkoni na mzigo. Nikifika chini nitakupigia."